Siku yangu moja na kikaango cha hewa, Lubumbashi

Saa 11 alfajiri nimeshaamka. Hapa kwetu Katuba saa hizo umeme bado una nguvu. Majirani wakiwasha wote pasi na majiko, kikaango changu, mashine ya umeme inayokaanga kwa hewa ya moto, kinapuliza hewa ya uvuguvugu tu. Nauza matango ya siki ya kukaanga, yale yenye ganda linalovunjika kwa sauti ukiuma. Watu wakisikia ni mashine wanadhani nabonyeza kitufe kisha naenda kukaa. Leo nataka muone.

Saa 12 nafungua ndoo. Matango yamelala siku 3 katika siki, chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Ya chupa yanayoingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni ghali kwangu, kwa hiyo nanunua matango madogo soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na kuyatia siki mwenyewe. Nakata vipande vya nusu sentimita.

Kisha kukausha, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kila kipande nakilaza juu ya kitambaa cha pamba, nafunika kwa kingine, nakandamiza kwa kiganja, nageuza, nakandamiza tena. Kitambaa kikilowa, nachukua kingine. Maji yakibaki ndani yanageuka mvuke, mvuke unasukuma ganda, ganda linabanduka na kushika kikapuni, tango linatoka tupu. Leo nimemaliza vitambaa 6. Vidole vitanuka siki mpaka Jumapili kanisani.

Saa 2 watoto wako shuleni, mayai na makombo ya mkate tayari.

Saa 4 akapiga simu mama mmoja wa Golf, mtaa wa wenye pesa. Aliagiza vipande 200 vya saa 10, ili wageni wa mume wake wavile kabla ya michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Sasa anavitaka saa 7.

"Yaya, dada yangu, si ni mashine? Ongeza moto."

Nikamweleza: kikapu kinabeba vipande 20, vimelazwa bila kupandana, maana hewa ya moto lazima izunguke kila kimoja. Dakika 9 kwa digrii 200, katikati nageuza. Vipande 200 ni mizunguko 10, saa moja na nusu bila kupumua.

"Basi weka 40 kwa mara moja."

Hapana, mama, vya chini vitalainika.

"Basi punguza bei, hutumii mafuta."

Natumia! Napuliza kidogo juu ya kila kipande, bila hivyo unga unabaki mweupe kama chokaa. Tulivutana karibu dakika 20, simu begani, mikono yangu ndani ya mayai. Bei sikushusha. Tukapatana saa 8.

Mzunguko wa 4 ulikuwa umetoka, umeme ukakatika. Vipande 20 vya mzunguko wa 5 nilikuwa nimeshavivika unga, yai na makombo, na vikikaa hivyo vinatoa maji, ganda linageuka uji. Jenereta ya fundi cherehani jirani haibebi wati 1,500. Nilikaa kwenye kigoda nikiviangalia vinalowa. Marekani, mjini Atkins, Arkansas, Bernell Austin alianza kuuza matango ya namna hii mwaka 1963, mkabala na kiwanda cha matango ya siki. Yeye alikuwa na mafuta yanayochemka. Mimi nina feni na waya unaongoja umeme. Vile 20 nikavitupa, na iliniuma.

Uliporudi sikuangalia tena saa. Vika, panga, puliza, geuza, toa, vika. Mgongo ulikuwa umekufa ganzi kufikia mzunguko wa 8, lakini kila kikapu kilitoka rangi ya asali, na sikutoa hata kimoja kilicholainika. Nilipanga vyote katika boksi la karatasi lenye matundu, kwa sababu chombo chenye mfuniko kinavigeuza kuwa majimaji kabla pikipiki haijafika mjini.

Nilifika Golf nimechelewa, jua limeanza kushuka. Mama yule alihesabu vyote 200 mbele yangu, kimoja kimoja, mimi nimesimama. Kisha akauma kimoja. Nilisikia lile ganda kutoka mlangoni. Akalipa bei kamili, akasema aksanti, akaingia ndani.

Usiku, watoto wamelala, naosha kikapu kwa mswaki mdogo, kila tundu. Vitambaa 6 viko kwenye kamba. Ndoo mpya nimeijaza siki, na juu ya mfuniko nimeandika siku ya kuifungua.