Trekta kuukuu la Massey Ferguson 135: jaribu haidroliki kabla hujatazama rangi

Ukiuziwa 135 pande za Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, utaonyeshwa rangi nyekundu mpya na injini inayowaka mara moja. Vizuri, lakini injini si ya kuhofia sana: Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5, farasi 45 hivi, na fundi yeyote mzoefu anaifungua chini ya mwembe. Thamani ya trekta hili iko nyuma, kwenye haidroliki: mfumo wa kunyanyua plau kwa nguvu ya oili.

Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, ndiye aliyefunga plau kwenye trekta kwa mikono mitatu inayonyanyuliwa na haidroliki. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na mwaka 1958 jina likawa Massey Ferguson. Mwaka uliofuata wakainunua Perkins. 135 ikaanza kutoka kiwanda cha Coventry mwaka 1964.

Plau likikuta udongo mgumu, mkono wa juu unabana springi, springi inasukuma vali, plau linapanda kidogo na uzito unalalia matairi ya nyuma. Ndiyo maana trekta jepesi hivi linalima bila kuteleza. Basi shika kiungio cha mkono wa juu, sukuma, vuta. Kikicheza, plau litarukaruka shambani na kina cha kulima hakitatulia.

Kisha nyanyua plau, zima injini. Likishuka taratibu, huo ni uzee tu. Likianguka papo hapo, au mikono ikipanda na kushuka kama mwenye kwikwi injini ikiwa inaunguruma, oili ya haidroliki inavuja ndani: mara nyingi ni ringi za pistoni ya kunyanyulia au oringi (mpira wa duara wa kuziba) ya bomba lake.

Isiponyanyua kabisa, angalia kwanza krachi. Pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine za nyuma. Kwenye krachi ya hatua mbili, ukikanyaga mpaka chini pampu nayo inasimama. Watu wamefumua pampu nzima kwa sababu hii!

Gia boksi na haidroliki hutumia oili moja. Ikigeuka nyeupe, maji yameingia, hasa kupitia mpira uliopasuka wa gia kwenye trekta linalolala nje masika.

Kwenye injini, adui ni dizeli ya madumu. Pampu ya CAV, inayosukuma dizeli kwenye nozeli, inalainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji huila. Ukibadilisha filta, badilisha mipira na washa za shaba, kisha toa hewa kwa mpangilio: skrubu ya filta, ya ubavuni mwa pampu, ya juu ya gavana (kidhibiti mwendo wa injini), mwisho nati za nozeli huku stata ikizungusha. Wenzo wa pampu ndogo ya mkono ukiwa mlegevu, si mbovu. Zungusha injini kidogo, kamu, kinundu cha shafti kinachosukuma pampu hiyo, imesimama juu.