Kikaango Kisafi

Nilifungua madirisha yote mawili ya jikoni kabla sijawasha jiko. Kila ninapoukumbuka usiku ule, hilo ndilo linalonijia kwanza: nilianza kuficha kabla sijaanza kupika.

Mke wangu alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, na watoto amewachukua. Aliniambia angerudi kesho yake, au usiku uleule iwapo mgonjwa angepata nafuu. Nikitoka kazini nikapita buchani. Nilikusudia kununua kuku. Nilipofika mbele ya mizani nikasikia sauti yangu ikisema, "Nipimie maini, nusu kilo."

Miezi kumi na mmoja kabla ya siku hiyo, daktari alinikalisha chini akanionyesha karatasi ya vipimo. Asidi ya yuriki ilikuwa miligramu 9.1 kwa desilita ya damu. Akanieleza bila haraka. Ndani ya seli zetu, na ndani ya vyakula vingi, mna kitu kiitwacho purini. Mwili ukishakivunja unabaki na asidi hiyo, na figo ndizo zenye kazi ya kutoa sehemu kubwa, takriban theluthi mbili; iliyobaki hutolewa kupitia utumbo. Ikipita kiwango cha kama 6.8 damu hushindwa kuiyeyusha yote. Hapo huganda ikawa fuwele nyembamba kama sindano, na fuwele hizo hukaa zaidi kwenye viungo vyenye ubaridi, vilivyo mbali na moyo. Ndiyo maana jongo, au gauti kama wengi tunavyoliita, aghalabu huanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Mimi lilikuwa limeshanianzia hapo mara moja. Akachukua kalamu akaandika vya kuepuka: maini, figo, bongo, dagaa, bia. Maini aliyaweka mwanzo kabisa.

Daktari yule hakuwa na namna ya kujua alichokiandika. Nimelelewa kwa maini. Mama alipoyakaanga, kipande cha kwanza kutoka kikaangoni kilikuwa changu. Alikichoma kwa ncha ya uma, akakipuliza mara mbili, kisha akanipa mimi nimalizie kupuliza. Alisema yanaongeza damu, na hakukosea, kwani yana madini ya chuma kwa wingi. Tangu nipate ugonjwa huu nimesikia watu wakiyaita "chakula kibaya," na kila mara moyo wangu unakataa. Chakula kilichotoka mkononi mwa mama siwezi kukiita kibaya. Naweza kusema tu kwamba mwili wangu hauwezi tena kukibeba.

Basi nikapika, na nilipika vizuri. Niliondoa ule utando mwembamba unaoyafunika, nikakata vipande vyembamba vinavyolingana, nikavikausha maji kwa kitambaa, maana maini yenye maji hayakaangiki, yanachemka. Vitunguu viwili vikatangulia, moto mdogo, hadi vikalegea na kuanza kugeuka rangi ya asali, nikaviweka kando. Kisha moto mkali, mafuta yakitetema, na vipande kimoja kimoja visigusane. Watu wengi huyaharibu kwa kuyaacha yakauke hadi yakawa kama soli ya kiatu. Dakika mbili upande huu, dakika moja na nusu ule, yaive hadi ndani lakini yabaki laini. Chumvi mwishoni. Pilipili manga. Vitunguu vikarudi juu.

Sikupakua. Nilikula nikiwa nimesimama, kikaango bado kiko jikoni, uma mkononi. Kipande cha kwanza nilikipuliza mara mbili, kisha mara moja zaidi. Nilifumba macho. Ile ladha nzito yenye utamu kwa mbali, na kitunguu kikiyeyuka juu yake, ilinirudisha kwenye urefu wa miaka sita, nikimtazama mama kutoka chini. Cha pili kilikuwa hivyo. Cha tatu pia.

Kisha nikasikia geti.

Lilikuwa geti la jirani. Lakini mpaka nijue hivyo nilikuwa nimeshameza vipande vitano au sita bila kutafuna vya kutosha, na badala ya kuacha nikaendelea kwa mwendo huohuo, sikio likiwa nje. Nusu kilo nzima iliisha. Kuanzia pale sikumbuki ladha yoyote. Nakumbuka nikisugua kikaango kwa sabuni mara mbili, nikakikausha, nikakitundika. Karatasi ya bucha niliifunga ndani ya mfuko mwingine, nikautia pipani chini ya maganda.

Mke wangu alirudi kesho yake jioni. Hakusema lolote.

Usiku wa pili yake, kama saa nane, kidole kiliamka kabla yangu. Aliyewahi kupata jongo hahitaji kuelezwa, na asiyewahi sijui nimwelezeje. Shuka ilikuwa nzito. Hewa ya feni ikipita juu ya mguu niliihisi kama mkono wa mtu unaokandamiza. Kidole kilikuwa chekundu, kimevimba, ngozi imenyooka mpaka inang'aa. Mwaka 1679 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, alitazama kwa hadubini ute mweupe kama chokaa uliotoka kwenye kinundu cha mgonjwa wa jongo, akaona vijiti virefu vinavyopitisha nuru, vingi vikiwa na ncha pande zote mbili. Hakujua vimetengenezwa kwa kitu gani. Nilipoyasoma hayo, miezi baadaye, nilitamani kumwambia kwamba mimi nilivijua kimoja kimoja usiku ule.

Mke wangu aliwasha taa. Alileta mto, akauinua mguu wangu kwa kisigino bila kugusa kidole, akauweka juu. Akaleta maji, akaleta zile dawa za maumivu nilizopewa mara ya kwanza. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba watoto," akasema, "yalikuwa maini?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Kikaango. Tangu unioe hujawahi kukausha kikaango."

Nilianza kumweleza. Nikamwambia nilikuwa na uchovu, nikamwambia ni mara moja tu katika miezi kumi na mmoja, na hilo lilikuwa kweli. Aliniacha nikafika mwisho wa maneno. Halafu akanikumbusha jambo nililokuwa nimelisukuma mbali. Siku ile ya vipimo alikuwepo nami chumbani kwa daktari. Alimsikia akisema kwamba kujizuia chakula peke yake huishusha asidi kidogo tu, mara nyingi kwa kiasi cha miligramu moja hivi, kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni ya kurithi na ya figo zangu, na kwamba iko dawa, alopurinoli, ya kunywa kila siku. Na alinisikia mimi nikijibu kwamba sihitaji dawa, mimi ni mtu wa msimamo, nitajizuia.

"Ulilifanya liwe jambo la aibu," akasema. "Ungeniambia unayatamani. Ningekukaangia vipande viwili, vitatu, ukala ukiwa umekaa, na mimi nimekaa. Daktari hakusema uyale gizani."

Hakukuwa na giza, taa ya jikoni ilikuwa inawaka, lakini nilimwelewa. Nililia kidogo, na si kwa sababu ya kidole. Nilimwahidi tutarudi kwa daktari nikishaweza kuvaa kiatu, na nikamwambia kuhusu mama na uma, habari ambayo kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsimulia.

Akasikiliza mpaka mwisho. Nje kulianza kupambazuka. Akanigeuzia mto upande wa ubaridi, akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kwa dhati:

"Na yalikuwa matamu?"

Nikafikiri kabla ya kumjibu, maana alistahili ukweli.

"Vipande vitatu vya mwanzo," nikasema.