Ndia Kuu ya Mombasa: duka chini, nyumba juu, na saruji inayoziua

Wakati mmoja biashara ya Mombasa ilipita Ndia Kuu, njia inayoingia Mji wa Kale kutokea upande wa Fort Jesus. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwapo hata reli nyembamba, na abiria walikaa kwenye toroli zikisukumwa na vijana mpaka Kilindini, bandari ya upande wa pili wa kisiwa. Kisha mambo yakahama. Makao ya serikali yalipelekwa Nairobi mwaka 1905, na gati za kwanza za maji marefu zikafunguliwa Kilindini mwaka 1926. Makampuni makubwa yakazifuata meli. Ndia Kuu ikabakiwa na maduka madogo, na naamini hilo ndilo lililoyanusuru majengo yake: pesa za kubomoa na kusimamisha ghorofa za zege zilikwenda kwingine.

Leven House, upande wa bandari ya zamani, ndiyo inayopigwa picha zaidi. Imepewa jina la meli ya Kapteni William Owen, aliyepandisha bendera ya Uingereza hapa mwaka 1824, ikashushwa mwaka 1826. Lakini roho ya njia hii iko kwenye nyumba za kawaida, zenye duka chini na familia juu.

Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, unene wa nusu mita hivi. Sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mkoko, na boriti ndizo zinazoamua upana wa chumba: zikipita mita tatu hivi hupinda. Ndiyo maana duka la kale ni jembamba na linakwenda ndani sana. Juu ya mlango huning'inia roshani ya mbao iliyobebwa na vikono vya nakshi. Inatia duka kivuli, inakinga mlango na mvua, na walio juu wanapata upepo bila kuonekana na wapita njia.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni saruji. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo yana chumvi. Plasta ya chokaa huyaacha yatoke taratibu. Saruji huyafungia. Chumvi hugandia nyuma ya plasta, hutanuka, na baada ya misimu michache plasta huanguka vipande vipande, ikiondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza saruji. Ubaya unazidi.

Dawa yake inataka subira. Bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, bila kutingisha ukuta kwa mashine. Kwangua viungo vya mawe vilivyooza kina cha sentimita mbili au tatu. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, ikae ndani ya maji wiki mbili kwa uchache. Ikikaa miezi ni bora zaidi. Changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga msafi, na usichukue mchanga wa pwani, kwani utarudisha chumvi ukutani. Lowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka nyembamba zisizozidi sentimita moja, ukipumzisha siku kadhaa kati ya moja na nyingine. Ning'iniza magunia mabichi mbele yake. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole. Ikikaushwa na jua la saa sita hupasuka na kubaki unga. Rangi ya mwisho iwe chokaa pia. Rangi ya plastiki juu ya kazi hiyo inauziba ukuta tena.

Boriti huoza kwanza ncha zilizoingia ukutani, hasa chini ya bafu, tangi la maji au bomba la mvua lililotoboka. Zichome kwa bisibisi: ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo imekwisha. Kwa sababu hii dari ya jipsam kwenye duka la kale ni hatari. Inapendeza, lakini inaficha uvujaji mpaka siku sakafu inapolegea.

Halafu kuna tamaa ya duka pana. Mpangaji huvunja ukuta wa kati au hupanua mlango ili atie shata ya chuma, naye hajui kwamba ukuta huo umebeba boriti za pande zote mbili. Ufa huanza kwenye pembe ya mlango, ukapanda hadi kwenye roshani.

Roshani yenyewe haihitaji kung'olewa kwa sababu kikono kimoja kimeoza. Kata palipooza, unga mbao ngumu ya aina ileile, na tumia skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu, kwani misumari ya kawaida haimalizi miaka mingi kwenye hewa ya bahari. Bango la duka lifungwe ukutani, kwenye viungo vya chokaa. Lisipigiliwe kwenye nakshi.

Kabla ya yote hayo, piga picha kila upande na uende ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Eneo hili ni la hifadhi kisheria, na kibali hutangulia nyundo.