Kisukumio cha jiko la makaa ya mawe kilipokwama

Huku mashariki ya Pennsylvania, Marekani, bado kuna nyumba zinazopata joto wakati wa baridi kali kwa antrasiti, yale makaa ya mawe magumu yasiyotoa moshi mwingi. Jiko langu hujilisha lenyewe. Makaa ya saizi iitwayo “mchele”, punje za kama milimita 5 hadi 8, hushuka kutoka kwenye pipa la nyuma. Kisukumio, kipande cha chuma kinachoendeshwa na mota ndogo, huenda mbele na kurudi, kikiyasogeza juu ya sahani ya moto yenye vitundu. Kikikwama, moto unaishiwa makaa na kuzima ndani ya saa chache.

Mota ilinguruma, makaa hayakusogea. Nilikata umeme wa kisukumio peke yake na kuiacha feni ya bomba la moshi ifanye kazi hadi moto ulipozima kabisa. Hapa usiharakishe: makaa yanayofifia pasipo mvuto wa hewa hujaza nyumba kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, nayo haina harufu. Kitambuzi chake kiwe ukutani na betri zake ziwe hai.

Kisha nikachomoa pini inayounganisha mkono wa mota na kisukumio, nikawasha. Mota ikazunguka vizuri, basi yenyewe nzima. Ingegoma hata ikiwa haivuti kitu, ningefungua gia zake. Na kama kisukumio kingekuwa kinatembea bila makaa kushuka, ningechokoa pipa kwa fimbo, kwani makaa yenye unyevu hushikana yakaacha pango chini yake.

Nilichota makaa yote pipani, nikafungua bolti na kukivuta kisukumio nje. Nyuma yake palijaa chenga za makaa zilizoshindiliwa, ngumu kama ukuta wa udongo. Chenga hupenya chini ya chuma, na kila kinaporudi nyuma huzigandamiza zaidi, mpaka kinakosa pa kurudi. Unyevu wa majira ya joto huzigandisha na kuleta kutu. Nilizikwangua kwa bisibisi bapa, nikasugua njia yote kwa brashi ya waya, nikafyonza vumbi jiko likiwa baridi kabisa. Oili usitie: hunasa vumbi na kuwa uji mzito. Unga wa grafiti, kilainishi kikavu, unatosha. Kabla ya kurudisha pini, kisukumio lazima kiteleze kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza mahali pamoja, tafuta kijiwe, kijiti au kipande cha waya kilichokuja na makaa.

Vitundu vya sahani navyo nilivizibua, kwani hewa ikipungua makaa huangukia majivuni yakiwa bado mekundu.

Baada ya kuwasha, angalia ukingo wa mbele: kuwe na sentimita 3 hadi 5 za majivu yaliyokwisha kuungua. Makaa mekundu yakidondoka, punguza mwendo wa kisukumio. Na ukifika chini ya mfuko wa makaa, yale ya mwisho yachekeche kwanza. Hapo ndipo chenga zimejikusanya.