Soko Lilifungwa, Watu Hawakufunguliwa

Somo la wiki: Filemoni 1–25, hasa mstari wa 16

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Salamu ni mbili kwa sababu tafakari hii inasomwa Minara Miwili na Mkunazini pia, na wiki hii tunayazungumzia makanisa makuu yote mawili ya Mji Mkongwe.

Tuanze na jina, maana wengi hudhani kanisa huitwa kuu kwa ukubwa wake au kwa minara. Ukuu wake umo katika kiti. Kathedra ni kiti cha askofu, na pale kilipowekwa ndipo penye kanisa kuu. Kiti kimoja kipo Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Kristo la Dayosisi ya Zanzibar ya Kanisa Anglikana. Kingine kipo Mtakatifu Yosefu, tunapopaita Minara Miwili, kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Zanzibar lililoundwa mwaka 1980.

Wakatoliki walitangulia. Mapadre wa kwanza walifika Unguja mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1863 kazi ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwaka 1868 walivuka bahari kwenda Bagamoyo, wakafungua kijiji cha waliokombolewa utumwani. Misheni ya Waanglikana, UMCA, ilihamia hapa mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, baada ya homa kuwaua baadhi ya wenzao bonde la mto Shire, katika Malawi ya leo. Mwaka huohuo Sultani alimkabidhi Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio mwanzo wa shule na mwanzo wa ushirika. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa mtumwa, alipata upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo.

Kwa hiyo madhehebu yalikuwa mawili, na lugha za wamisionari mbili, Kifaransa na Kiingereza, lakini waumini wa mwanzo wa pande zote walitoka katika mnyororo mmoja. Hilo tulishike kabla hatujafika kwenye tofauti zetu.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi likawekwa Mkunazini, penye soko lenyewe. Edward Steere alisimamia ujenzi, akiwa askofu kuanzia 1874, na Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikafanyika humo. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Paa ni kuba refu lililomiminwa kwa kokoto za matumbawe na saruji, bila boriti za kulibeba, na limesimama hadi leo. Inasimuliwa kwamba madhabahu ipo pale uliposimama mti wa kuchapia watu viboko. Sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu, na nyekundu hiyo ni damu yao. Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu.

Hapa ndipo tunapopenda kuishia: soko likafungwa, kanisa likajengwa, Mungu akatukuzwa. Ni kweli, lakini haijakamilika, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu zaidi. Mkataba wa 1873 ulifunga soko na njia ya baharini. Haukumfungua aliyekwisha kuwa shambani. Waimbaji walipoimba Krismasi ya 1877, maelfu ya watumwa walikuwa mashambani mwa mikarafuu Unguja na Pemba, na kwa sheria walikuwa bado mali ya watu. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, miaka ishirini baada ya ibada ile, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria. Walingoja hadi 1909. Mtakatifu Yosefu nalo lilianza kujengwa katika miaka ya 1890, kabla ya sheria hiyo, kwa hiyo misingi yake ilichimbwa katika mji ambao mtu aliweza kummiliki mtu. Sisemi haya kuwahukumu waliojenga. Nayasema kwa sababu tunapenda kushukuru mapema, mlango mmoja ukifungwa tu, kabla ya kuuliza ni nani bado yumo ndani.

Mtume Paulo hakuishia hapo kwa Onesimo, mtumwa wa Filemoni. Alimtaka Filemoni ampokee “si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa”. Kumsamehe tu hakukutosha, wala kutomuuza. Akaongeza kwamba deni lolote la Onesimo aandikiwe yeye Paulo. Udugu ulikuwa na gharama, na jina la mlipaji likatajwa.

Mfano wa jambo hili upo kwenye kuta zetu. Nyumba ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, kisha huupumua nje kupitia plasta ya chokaa. Fundi mwenye haraka akiona plasta inabanduka, huipiga saruji juu. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Lakini saruji haipumui; unyevu unabaki ndani, chumvi inaganda na kuvimba nyuma yake, na ikija kuanguka huanguka na kipande cha jiwe. Dawa ni kubandua saruji yote, kusugua chumvi kavu kwa brashi, kuacha ukuta ukauke, ndipo kupiga chokaa iliyoiva, kwa kawaida fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga. Mchanga usiwe wa pwani, maana unarudisha chumvi ileile. Plasta ipigwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa lisipasuke. Wazee wa kanisa wanaopanga michango ya ukarabati, naomba mlisome fungu hili mara mbili.

Ndani ya kanisa la Mkunazini, kwa nyuma, upande wa ubatizo, ziko nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu Steere akiwa hayupo, na hazikung'olewa. Zimebeba kazi yake miaka yote hii.

Kuhusu ibada, mgeni asishangae. Waanglikana wa Zanzibar wamelelewa na UMCA, kwa hiyo uvumba, ishara ya msalaba na neno Misa ni vyao pia. Mwanglikana wa Dodoma aliyelelewa na CMS, misheni nyingine ya Waanglikana, anaweza kudhani amekosea mlango, kumbe ni kanisa lake hilohilo. Lakini meza bado hazijawa moja: Mkatoliki hapokei komunyo Mkunazini, na Mwanglikana hapokei Minara Miwili. Inauma, na ni haki iume. Kaeni kwenye benchi, mwombeane, msijifanye kwamba jambo hilo limekwisha.

Jumamosi hii tunaomba kila mwenye nafasi ayatembelee yote mawili kwa miguu. Mabega na magoti yafunikwe. Huo ni mji wa watu na msikiti ni jirani wa kanisa. Mkunazini usiingie ndani kwanza. Anza nje, kwenye shimo la ukumbusho, penye sanamu za watu watano shingoni wana minyororo. Soma hapo Luka 4:16–21 kwa sauti ya chini. Kisha ingia, tazama msalaba uliochongwa kutoka katika mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Simama kwenye duara la marumaru bila kupiga picha. Halafu pita vichochoroni hadi Minara Miwili, mwendo usiofika robo saa. Ukikuta mlango wa mbele umefungwa, zunguka utafute wa pembeni. Keti, soma Filemoni yote; ina mistari 25 tu.

Ukifika mstari wa 16, weka jina. Kama nyumbani kwako yupo binti wa kazi aliyeletwa kutoka bara au kutoka Pemba, weka lake. Mshahara wake wa mwezi ulipwe kabla ya Misa ya Jumapili, apewe mkononi mwake.