Nilitumwa Mayberry

Mzee ninayemhudumia ana miaka 88 na sikio lake la kushoto limeshakufa, lakini ikifika saa kumi jioni hakuna haja ya kumkumbusha. Anageuza kiti mwenyewe kuelekea televisheni, anashusha miwani puani, na ukimletea dawa nusu saa hiyo utasubiri. Kipindi ni The Andy Griffith Show, vichekesho vya sherifu mjane anayelea mwanawe katika kimji cha Mayberry, North Carolina. Kituo cha televisheni cha CBS kilianza kukirusha Oktoba 1960, kikaisha Aprili 1968, sehemu 249. Mzee ameziona zote, na nyingine naamini ameziona mara nyingi kuliko alivyoona sura za wajukuu zake. Na mimi, baada ya miaka mitatu ya kazi hii, nimejikuta nawajua kwa majina watu wa mji usiokuwapo.

Septemba iliyopita akaniuliza, kwa sauti ya kukemea, imekuwaje nakaa Winston-Salem miaka yote hii na sijafika Mount Airy, pua na mdomo. Mount Airy ndiko alikozaliwa Andy Griffith mwenyewe, aliyecheza sherifu, mwaka 1926, na watu husema Mayberry ni huko. Kila mwisho wa Septemba, tangu 1990, wapenzi wa kipindi hukusanyika pale kwa siku kadhaa wanazoziita Mayberry Days. Mzee hawezi tena kukaa garini muda mrefu. Akaniagiza vitu viwili: postikadi, na picha ya funguo.

Funguo nilizielewa bila kuuliza. Mle kwenye kipindi kuna mlevi wa mji, Otis. Akishalewa anaingia kituo cha polisi akiyumba, anatwaa ufunguo unaoning'inia ukutani kando ya selo, anajifungia mwenyewe, analala. Asubuhi anapitisha mkono katikati ya nondo, anautwaa ufunguo uleule, anajifungulia, anakwenda zake. Hilo ndilo jambo mzee hucheka mpaka akohoe.

Nikaondoka Jumamosi alfajiri na shemeji yangu, ambaye alikuja kwa sababu tu gari ni lake. "Shem," akaniambia kabla hatujatoka mjini, "yaani Jumamosi nzima tunakwenda kumwangalia kinyozi wa kwenye TV?" Nikamwambia kuna na sherifu. Akaongeza sauti ya redio.

Barabara kuu namba 52 inapanda kaskazini taratibu, misitu huku na huku, mpaka unatokea mlima Pilot, ambao kwa mbali unafanana na chungu kilichofunikwa mfuniko mdogo: mwili mpana wa kijani, juu yake kichwa cha mwamba kilichosimama peke yake. Wenyeji wa kale, Wasaura, waliuita Jomeokee, yaani kiongozi mkuu, kwa kuwa wasafiri waliupigia dira. Kwenye kipindi jina limegeuzwa, Mount Pilot ni mji wa jirani, mji wa mambo mengi. Shemeji aliukodolea macho mpaka akapita njia ya kuchepukia, tukala dakika kumi na tano tukitafuta pa kugeuzia. Cha kuchekesha ni kwamba ukikaribia Mount Airy barabara yenyewe inaitwa kwa jina la Andy Griffith. Waliizindua mwaka 2002 naye akaja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Miaka mingi alikana kwamba Mayberry ni Mount Airy. Alijenga maisha yake Manteo, pwani kabisa, upande mwingine wa jimbo, na alipofariki Julai 2012 alizikwa hukohuko siku ileile.

Mount Airy ni mji wa watu kama elfu kumi. Kando yake pana machimbo makubwa ya mawe ya matale, meupe kama chumvi, na zamani palikuwa na viwanda vya nguo na soksi ambavyo vingi vimefungwa. Sasa Mtaa Mkuu unaishi kwa Mayberry. Magari ya polisi ya miaka ya sitini, Ford Galaxie nyeupe na nyeusi, yanazungusha wageni huku king'ora kikilia. Kuna duka la kinyozi lenye picha za wateja ukuta mzima, na pembeni yake Snappy Lunch, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1923 na unaosifika kwa mkate wa nyama ya nguruwe. Shemeji na mimi nguruwe hatuli. Tulipanga foleni ndefu kwenye jua ili tukale mkate wa mayai, na mhudumu akatutazama kwa huruma kama watu waliofika harusini wakaomba maji.

Gwaride lilianza, na hapo shemeji akaanza kulegea. Kina Barney walikuwa sita au saba. Barney Fife ni naibu wa sherifu: mwembamba, shingo ndefu, sare imembana, anaruhusiwa risasi moja tu, nayo anaiweka mfuko wa shati, maana ikikaa ndani ya bastola lazima imfyatukie. Don Knotts alipata tuzo tano za Emmy kwa nafasi hiyo. Aliyekulia kijijini kwetu hahitaji kuelezwa Barney ni nani. Ni mgambo. Ni yule mgambo mwenye filimbi na kirungu, anayesimamisha baiskeli na kudai risiti yake, halafu jioni mama yake anamtuma kwa jirani kuomba moto. Shemeji alipomwona mmoja wao akipapasa mfuko wa shati kuhakikisha risasi ipo, akacheka akashika gari la watu. "Huyu namjua," akasema. "Huyu alimkamata baba na mbuzi."

Kwenye kivuli cha mti tulikaa na mama mmoja wa makamo ya sabini hivi kutoka Ohio. Ilikuwa mara yake ya kumi na moja kuja. Alivaa gauni la maua kama la Shangazi Bee, anayewatunzia nyumba sherifu na mwanawe, na kofia yenye kuchosha shingo. Nikamuuliza kama kwao ni kijijini. Akacheka. Alikulia ghorofa ya tatu, dirisha likitazama kiwanda cha chuma. Alipomgusa ng'ombe mara ya kwanza alikuwa na miaka 22. Basi anakumbuka nini? Akafikiri kidogo, akasema anakumbuka baba yake akirudi kutoka zamu, hajavua viatu, anakaa kwenye zulia na watoto kwa nusu saa ya Jumatatu usiku, haongei, na hakuna anayegombana naye. Mayberry yake ni zulia lile.

Ndiye aliyetueleza habari za jiwe. Kila kipindi kinaanza na Andy na mwanawe Opie wakitembea kando ya ziwa na fimbo za kuvulia samaki begani, mluzi ukipigwa. Mtoto anaokota jiwe, analirusha majini. Ziwa lile si la North Carolina, ni bwawa la Franklin Canyon, Los Angeles. Mluzi ni wa Earle Hagen, mtunzi wa muziki wenyewe. Na jiwe? Ron Howard, aliyecheza Opie, alikuwa na miaka sita tu, mkono haufiki. Basi mtu wa vifaa alijificha nyuma ya kichaka, na mtoto alipofanya ishara ya kurusha, yeye ndiye akalirusha. Mama alisimulia haya kwa furaha kabisa, kama anayetoboa siri ya ukoo. Akaongeza kwamba mtaa wa Mayberry ulikuwa mandhari ya kupigia filamu kule Culver City, na ulibomolewa mwaka 1976. Sasa ni majengo ya biashara.

Nilitegemea ukijua hayo hamu itakatika. Kwao haikatiki. Andy Griffith mwenyewe aliwahi kusema kwamba ingawa walipiga picha miaka ya sitini, kipindi kilikuwa na hali ya miaka ya thelathini. Maana yake hata siku kilipotoka kilikuwa tayari kinakumbuka. Na ukikitazama vizuri, hakuna anayelima kwa kuumia mgongo. Wanachofanya sana ni kukaa barazani baada ya chakula cha jioni. Andy na gitaa, shangazi na taulo la vyombo, Barney anasema atakwenda nyumbani kulala kidogo kisha atapita kwa mchumba wake, anakaa kimya, halafu anayarudia maneno yaleyale, polepole zaidi. Hakuna kinachotokea. Mzee wangu alivuna tumbaku utotoni karibu na huku, na huniambia utomvu wake uliganda mikononi ukawa mweusi kama lami, usitoke kwa sabuni. Hana hamu ya shamba hata chembe. Ana hamu ya baraza.

Kuna jambo jingine, na nisingekuwa mkweli nikilinyamazia. Katika umati ule, sisi weusi tulihesabika kwa vidole. Tarehe 1 Februari 1960, Greensboro, si mbali na hapa, wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, iliyokuwa ya wazungu tu, na kukataa kuondoka. Miezi minane baadaye kipindi kikaanza, kikiwa North Carolina hiyohiyo. Katika sehemu zote 249 mtu mweusi aliyepewa nafasi ya maana ya kuzungumza ni mmoja, Rockne Tarkington, mwaka 1967. Shemeji alikuwa ametulia anakula aiskrimu. "Ndiyo maana hawakuwa na kesi," akasema. "Wenye kesi hawakuandikwa." Yule mama alitaka kujua tunacheka nini. Nikamtafsiria. Akanyamaza, akatikisa kichwa, akasema hilo amelifikiria akiwa mtu mzima tu. Kisha akatugawia karanga.

Makumbusho tuliyapitia haraka, yamejaa vitu alivyokusanya Emmett Forrest, rafiki wa Griffith tangu utotoni. Nje kuna sanamu ya shaba ya baba na mwana na fimbo zao za kuvulia, na watoto wameing'arisha kwa kuishika. Kisa nilichokishika mimi ni cha Betty Lynn, aliyecheza Thelma Lou, mchumba wa Barney. Nyumba yake Los Angeles ilivunjwa na wezi, akaamua mwaka 2007 kuhamia Mount Airy, akapate usalama. Mwaka 2010 mtu akampora pochi madukani, hapahapa. Polisi walimkamata mwizi, naye mama wa watu akabaki. Aliishi hapa mpaka alipofariki Oktoba 2021, akiwasainia wageni picha kwenye makumbusho.

Funguo tulizikuta jirani na kituo cha mafuta yanakoondokea yale magari ya polisi, kwenye chumba kilichotengenezwa mfano wa kituo cha sherifu. Meza, simu nyeusi, selo yenye kitanda cha chuma, blanketi la viraka. Shemeji, ambaye asubuhi hakutaka kuja, aliingia selo, akalala chali, akapitisha mkono kwenye nondo. Foleni nyuma yetu ikapiga makofi. Nikapiga picha.

Jumatatu nilimpa mzee postikadi. Akaigeuza, akasoma stempu, akaiweka chini ya mto. Picha ya funguo aliitazama muda mrefu kwenye simu, akauliza huyo anayecheka ndani ya selo ni nani. Nikasema shemeji yangu. "Anafaa," akasema.

Nilikuwa na habari ya jiwe mdomoni tangu juzi, na ya yule mtu wa kichakani. Lakini ilikuwa saa kumi kamili. Mluzi ukaanza, akaninyooshea kidole ninyamaze, na yeye akaufuatisha, sauti ikipotea na kurudi. Opie akainama, akaokota, akarusha. Nikakiangalia kile kichaka. Mzee alikuwa anaangalia maji.