Kutoka Laleli mpaka Kadıköy

Jamani, Istanbul ni mji wa kutembea kwa miguu! Asubuhi tumeanzia Laleli, kule wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanakofungia mizigo. Maduka mengi ni ya jumla, gauni moja hawakuuzii, unachukua seti yenye saizi zote. Tukapita Kapalıçarşı, soko lenye paa tangu karne ya 15. Pazuri mno, ila bei ni za watalii. Mimi nimenunulia kwenye vichochoro vinavyoteremka Eminönü, wanakonunua wenyeji. Nimepata birika lao la ghorofa mbili: chini maji yanachemka, juu majani yanaiva taratibu kwa mvuke. Mama atalipenda hili!

Jioni tukavuka kwa feri kwenda Kadıköy, upande wa Asia, kama dakika 20 hivi, shakwe wakitufuata na watu wakiwarushia vipande vya simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta. Huko ndiko moyo wangu ulikobaki. Samaki wamepangwa mashavu mekundu yamegeuzwa nje, uone mwenyewe kuwa ni wa leo, na muuza zeituni anakuonjesha kwanza hata kama hununui. Mkija Istanbul msiishie upande wa Ulaya, tafadhali. Kesho narudi na kapu.